Yule aliyeshika nafasi yangu



Wengi kati yenu mulikuwa kwenye kiwanja siku ile nilipoanguka. Tulikuwa tunacheza na shule jirani, sehemu ya pili ya mchezo. Niliruka kukamata mupira chini ya kikapu, nikashuka juu ya kiatu cha mwingine, na kifundo cha muguu wangu wa kuume kikageuka. Nilisikia sauti kama mutu anavunja mua. Walinipeleka kwa munganga, wakapiga picha ya mufupa, na munganga akasema: wiki sita mu plasta, na nyuma yake hakuna kuruka tena mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Maumivu ya muguu yalipita. Leo ninaandika juu ya yale yaliyonipata kwa moyo nyuma ya pale, na juu ya sheria moja ya basketi ya Marekani ambayo ilinipa haya.

Wiki ile ile antreneri wetu alimuchukua kijana wa mwaka wa nne kushika nafasi yangu. Munamujua: murefu, mikono murefu, maneno kidogo. Alikuwa na viatu vya kitambaa ambavyo chini vilikwisha kabisa. Akikimbia juu ya simenti alikuwa anateleza sawa mutu anatembea juu ya sabuni. Antreneri alikuja kwetu nyumbani, akaketi, akauliza habari ya muguu, kisha akasema: "Mwana yangu, viatu vyako viko wapi? Ninyi wawili munavaa namba moja." Nilimujibu: "Bwana mwalimu, sijui vilifika wapi." Vilikuwa chini ya kitanda ambacho nilikuwa nimelalia. Mama alinitazama, hakusema kitu.

Na hii ni mbaya zaidi. Usiku ule niliomba kwa Mungu kusudi ekipe yetu ishindwe. Nilitaka waone kama bila mimi hawawezi. Ndiyo, mimi ambaye ninaimba kwaya kila siku ya Mungu.

Yaya yangu anafuata sana basketi ya Marekani kwa telefone. Jioni moja aliniona na uso wa hasira, akauliza. Nilisema: "Yaya, beko banacheza na nafasi yangu!" Akacheka. "Mudogo, nafasi haina jina yako. Mu N.B.A. kule iko sheria juu ya mambo kama haya. Kaa chini nikuelezee." Nilikaa, maana na plasta ningeenda wapi?

Akaanza hivi. N.B.A. iko na ekipe 30. Zamani kila ekipe ililipa wachezaji kama ilivyotaka, na hofu ilikuwa kwamba ekipe za miji mikubwa, zenye feza mingi, zitanunua wachezaji wote wazuri. Basi, kuanzia musimu wa 1984–85, waliweka mupaka wa mishahara: ekipe moja, dola milioni 3,6 kwa mwaka. Mupaka ule unapanda na mapato ya shampiona. Musimu wa 2024–25 ulipita milioni 140. Ekipe ikifika kwenye mupaka, haina tena ruhusa ya kuchukua mutu mupya na kumulipa kama inavyotaka.

Lakini nikauliza: "Na kama mukubwa wao anavunjika muguu? Mshahara wake unahesabiwa namna gani?" Yaya akasema ni pale shida inaanza. Kontrati ya mchezaji aliyeumia inabaki. Analipwa, na mshahara wake unaendelea kuhesabiwa ndani ya mupaka. Ni kusema ekipe imepoteza mutu kwenye kiwanja, lakini kwenye hesabu mutu yule bado yuko, amekalia feza yake. Mulango umefungwa pande mbili. Ndiyo sababu sheria ina milango midogo ya pembeni, ni kusema ruhusa za pekee za kupita juu ya mupaka. Moja ni ya kubadilisha mgonjwa.

Ruhusa hii haitolewi kwa machozi ya antreneri. Ekipe inaandika ombi kwa wakubwa wa shampiona. Munganga aliyechaguliwa na shampiona, hapana yule wa ekipe, anachunguza mgonjwa. Anapaswa kuona kwamba uwezekano ni mukubwa sana mutu huyu hataweza kucheza mpaka tarehe 15 ya mwezi wa sita. Ombi linapaswa kuingia mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa kwanza kupita. Na feza ni kiasi gani? Nusu ya mshahara wa mgonjwa, ao kiasi kingine ambacho sheria inapanga kila mwaka. Wanachukua kile kilicho kidogo.

Tena ruhusa ni kwa mutu mumoja tu. Huwezi kugawanya ile feza kwa wawili. Yule anayekuja anakuja kwa musimu ule mumoja tu. Kama ni mchezaji anayetoka kwa ekipe ingine kwa kubadilishana, kontrati yake inapaswa kuwa kwa mwaka wake wa mwisho. Ruhusa isipotumiwa, inakufa tarehe 10 ya mwezi wa tatu. Na haiongezi kiti: ekipe ina viti 15 vya wachezaji wa kontrati kamili, na kama vyote vimejaa, mutu mumoja lazima aondoke kwanza.

Yaya alinipa mufano. Tarehe 17 mwezi wa kumi 2017, musimu ulikuwa unafunguliwa. Ekipe ya Boston ilikuwa inacheza kule Cleveland. Mchezaji wao mupya, Gordon Hayward, alikuwa ametia sahihi kontrati ya miaka 4 ya dola karibu milioni 128. Dakika hata sita hazijapita, aliruka kwa mupira wa juu, akaanguka vibaya, muguu wa kushoto ukavunjika pale kwenye kifundo. Wachezaji wa pande zote mbili walishindwa kutazama. Musimu wake uliisha siku ile ile ulipoanza.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mshahara wake wa mwaka ule ulikuwa karibu milioni 30. Nusu ni karibu milioni 15. Lakini kiasi cha sheria mwaka ule kilikuwa milioni 8,4. Kidogo ndicho kinachukuliwa: Boston walipewa ruhusa ya milioni 8,4. Walingoja. Mwezi wa pili 2018 walimuchukua Greg Monroe, mutu murefu wa chini ya kikapu ambaye ekipe ya Phoenix ilikuwa imemwacha, wakamulipa milioni 5. Ekipe ilifika mpaka finali ya upande wa Mashariki, ikashindwa na Cleveland kwa mchezo wa saba. Na Hayward? Alilipwa mshahara wake wote. Mwezi wa kumi 2018 alirudi kwenye kiwanja na nguo ile ile ya Boston. Monroe alikuwa amekwisha kwenda zake.

Pale nilinyamaza. Yaya akaendelea: "Na kama mgonjwa anapona mbele, anarudi kucheza. Yule wa kushika nafasi hafukuzwi juu ya ile." Ni kusema, sheria haimuulize mumoja afe kusudi mwingine aishi.

Musidanganyike: watu wale hawakuandika sheria hii kwa upendo tu. Wenye ekipe wanataka kuuza tikiti, na wachezaji wana sendika yao inayolinda kontrati. Lakini ndani ya sheria ile ya biashara niliona maneno mawili ambayo mimi mutoto wa kanisa nilikuwa nimekataa. La kwanza: kazi ya ekipe haingoji muguu wa mutu mumoja. La pili: mgonjwa hatupwi inje. Mimi nilifikiri mumoja akishika nafasi yangu, mimi nimefutwa. Niliona mwizi pale palipokuwa na musaidizi.

Kisha Yaya akanipiga na jina moja: Bismack Biyombo. Munamujua wote, kijana aliyezaliwa hapa kwetu Lubumbashi mwaka wa 1992. Nilijua habari yake ya kuzuia mipira. Sikujua kwamba yeye naye alikula mukate wa kushika nafasi.

Iko ruhusa ingine, ya shida kubwa. Ekipe ikiwa na wachezaji wanne wagonjwa kwa siku mingi, inaweza kuongeza mutu kwa kontrati ya siku 10. Mwisho wa 2021 Covid iliangusha wachezaji wengi sana, na shampiona ilifungua mulango ule zaidi. Biyombo alikuwa bila ekipe musimu ule. Baba yake alikuwa amekufa katika 2021. Siku za kwanza za mwezi wa kwanza 2022, Phoenix walimwita kwa siku 10. Fikirini: mutu aliyekwisha kucheza miaka kumi mu N.B.A., anaitwa kwa siku 10 kukalia kiti cha wagonjwa. Alikwenda. Alicheza vizuri, wakamuweka mpaka mwisho wa musimu. Na mshahara wake wote wa musimu ule alisema utakwenda kujenga hospitali huku kwetu Kongo, kwa ukumbusho wa baba yake.

Tena katika 2023, Steven Adams wa Memphis alipasuliwa goti, wakasema hatacheza musimu wote. Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja waliita nani kusaidia chini ya kikapu? Biyombo. Na mwezi wa kwanza 2024 walimwacha. Nyuma ya wiki chache ekipe ya Oklahoma City ikamuchukua. Pale ndipo nilielewa: kati ya mgonjwa na mwenye kushika nafasi, mara mingi anayeweza kuondolewa upesi ni huyu wa pili. Mgonjwa ana kontrati. Mwingine ana siku 10, ao miezi miwili, na sanduku ambalo halifunguliwi kabisa.

Nilifikiri juu ya kijana wetu wa mwaka wa nne. Mimi nilikuwa na jina mu ekipe, marafiki wa kuja kunisalimia na machungwa, mahali pa kurudi. Yeye alikuwa na nini? Kila akikosa kikapu, watu pembeni walipiga kelele: "Kama yule mwingine angekuwa!" Na nilifurahi kusikia jina langu. Sheria ya Wamarekani inatoa nusu ya mshahara wa mgonjwa kwa kumuleta musaidizi. Nusu yangu mimi ilikuwa chini ya kitanda, na niliikatalia.

Kesho yake nilichukua magongo yangu na viatu ndani ya mufuko, nikaenda kwao. Si mbali, lakini na magongo nilipumzika mara tatu. Mama yake alinipa kiti. Nilitaka kusema maneno mingi niliyotayarisha njiani, yote yakakimbia. Nilisema tu: "Ndugu, viatu nilivipata." Alitazama viatu, akanitazama mimi. Ninafikiri alijua. Akasema: "Asante, yaya. Nitavirudisha siku utapona." Aliniita yaya, mimi niliyeomba ashindwe.

Ningependa kuwaambia kwamba tulishinda. Tulishindwa kwa pointi nne, wote munakumbuka. Lakini hakuteleza hata mara moja, na chini ya kikapu alikamata mipira ambayo mimi, niseme kweli, singeikamata. Nilipiga mikono na gongo moja likaanguka.

Wapendwa, pasta wetu mara mingi anafundisha juu ya viungo vya mwili katika barua ya Paulo. Nilikuwa ninasikia kama fundisho la watu wa kanisa tu. Ekipe nayo ni mwili. Kwa hiyo ninaleta mawazo matatu mbele ya kapiteni, antreneri na prefe, kama wataona vema.

Kwanza, mchezaji akiumia, munganga ao mwuguzi aseme kama anaweza kucheza, hapana antreneri peke yake, na hapana mchezaji mwenyewe, maana sisi wote tunasema uongo tukitaka kucheza.

Pili, jina la mgonjwa libaki kwenye liste ya ekipe, akae kwenye benchi pamoja na wengine. Na yule anayeshika nafasi aambiwe tangu siku ya kwanza kazi yake ni mpaka lini, asiachwe katika mashaka.

Tatu, tufanye sanduku la viatu vya ekipe. Anayeumia aweke vyake ndani mpaka atakapopona, ili musaidizi asianze kazi miguu mitupu. Vya kwanza vimekwisha kuingia, namba 44.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitarudi kwenye kiwanja. Antreneri amesema kijana wa mwaka wa nne naye anabaki. Tutapigania nafasi moja, sisi wawili, na viatu tutanunua vingine.

Ni mimi mwanafunzi mwenzenu wa mwaka wa tano.