Wema na Kuishiwa: Tafakuri juu ya Filamu za Sikukuu

Insha hii fupi yakusudia kutafakari jambo moja: iwapo filamu zinazotazamwa msimu wa sikukuu zina lolote la kumwambia mtu ambaye wema wake umemmaliza nguvu. Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia Issenye, wilayani Serengeti, nilikokuwa mwalimu wa sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990, mahali ambapo Desemba ni mwezi wa jembe kuliko wa filamu.

Kwanza istilahi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya watumishi wa zahanati ya bure jijini New York, walioanza kazi kwa ari na baada ya muda wakawa hawana ari wala huruma. Hali hiyo aliipa jina la Kiingereza lenye taswira ya moto uliokwisha kula kuni zake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Sisi tuna kuchoka, lakini kuchoka huondoka kwa usingizi. Tunako kuchakaa, ambako ni kwa nguo na vyombo. Mimi napendelea kuishiwa. Sarufi ya neno hili yasema kweli: kitenzi kuisha kimetiwa kauli ya kutendea, kisha ya kutendwa, na mtu husimama kama kiima ilhali kilichoisha si yeye bali kile alichokuwa nacho. Aliyeishiwa unga hajaisha, hana unga. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayedhani kwamba yeye mwenyewe amekwisha.

Sasa filamu. Hadithi ya Scrooge, aliyoitunga Charles Dickens mwaka 1843 na ambayo imefanywa filamu mara nyingi, husifiwa mno, lakini inamhusu bahili anayejifunza kutoa, na bahili si mgonjwa wetu. Anayetuhusu ni George Bailey katika filamu ya Frank Capra iitwayo *It's a Wonderful Life*, iliyotoka mwaka 1946. Haikuleta faida ilipotoka. Ilipendwa baadaye, haki zake zilipokoma mwaka 1974 na vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirudia kila Krismasi. Tangu ujana Bailey anataka kusafiri na kujenga madaraja. Kila anapojiandaa kuondoka, mtu ana shida: baba anafariki, mdogo wake anahitaji kusoma, wateja wa chama chao cha mikopo wanaogopa na kudai fedha zao, naye anawagawia hata fedha za fungate yake. Mkesha wa Krismasi, dola 8,000 za chama zinapopotea, anakwenda darajani akitaka kujiua.

Wahakiki wengi hukimbilia malaika anayemwokoa. Mimi nakaa zaidi kwenye onyesho lililotangulia daraja. Bailey anarudi nyumbani. Watoto wanajiandaa kwa sikukuu, mmoja anafanya mazoezi ya piano. Anawafokea. Anamtukana kwa simu mwalimu wa bintiye mgonjwa, mwanamke asiye na kosa. Kisha anapiga teke meza yenye kielelezo kidogo cha daraja ambalo hakupata kulijenga. Mji mzima umeonja wema wake miaka mingi, na siku akiba inapokwisha wanaopokea makombo ya hasira ni watu wa nyumbani kwake. Sijaona onyesho lililoeleza kuishiwa kwa ukweli zaidi, na halina mahubiri hata kidogo.

Filamu hii niliitazama Issenye usiku wa Krismasi, kwa mkanda wa video na jenereta ya kuazima, nyumbani kwa mwalimu mwenzangu. Mmoja wetu alifasiri kwa sauti, kwa mtindo ule wa mabanda ya video ambao baadaye Lufufu aliupatia umaarufu mkubwa nchini. Ilipofika kwenye daraja, mzee mmoja jirani aliuliza, “Mwalimu, huyu bwana hana rika?”

Vijana walicheka. Lakini swali lile lilikuwa na historia nyuma yake. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Serengeti, ameonyesha jinsi marika yalivyopata nguvu miongoni mwa jamii za magharibi ya Serengeti, Waisenye wakiwamo, baada ya njaa, maradhi na mashambulizi ya mwishoni mwa karne ya 19. Rika hugawana mzigo, na wakati ukifika wadogo huwapokea wakubwa. Kwa mzee yule, Bailey hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu aliyeachwa peke yake na kazi ya watu wengi. Majirani wanaomiminika na fedha mwishoni mwa filamu, ambao hutuliza watazamaji wengi, yeye aliwaona kuwa wamechelewa.

Hapa ndipo methali yetu, Tenda wema nenda zako, yahitaji kusomwa upya. Aghalabu huelezwa kuwa yakataza kungoja shukrani. Ni sawa, lakini ina vitenzi viwili, na cha pili ni ruhusa pia. Mtenda wema anayo haki ya kwenda zake. Bailey anatenda cha kwanza maisha yake yote. Lile sanduku kubwa la safari alilopewa ujanani halipati safari.

Walimu wa vijijini wanalijua sanduku hilo. Shuleni kwetu mwalimu alikuwa pia muuguzi wa usiku, mkopeshaji wa nauli na msuluhishi wa wazazi. Baada ya mwaka 2004, sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi kuliko walimu, mzigo huo ulisambaa nchi nzima. Januari iliyofuata Krismasi ile tuligawana zamu: kila jioni mlango mmoja tu wa mwalimu ndio uliopigwa hodi na wanafunzi, na aliyemaliza zamu aliruhusiwa kwenda Mugumu, au kulala, bila kuulizwa. Mmoja wetu hakuiafiki, akisema mwanafunzi mwenye homa hajui ratiba. Tulibishana naye muhula mzima. Yeye ndiye aliyekuwa na wageni wengi kuliko sisi sote.