Kilo Tatu za Mbaazi

Nilimwambia mama mmoja wa Endamarariek, Karatu, kwamba kompyuta haikosei hesabu. Alikuja kuuliza malipo ya mbaazi zake, nami sikufungua hata daftari. Kweli kompyuta haikukosea. Niliyekosea ni mimi niliyeandika programu, na nikamrudisha nyumbani akidhani amekosea yeye.

Programu ya kikundi chao cha wakulima niliiandika kwa Haskell. Lugha hiyo inaruhusu kila kipimo kiwe aina yake, Kilo, Gunia, Shilingi, ili kompaila ikatae kuvichanganya. Lakini aina mpya haijui hata kujumlisha. Ukitaka ihesabike, darasa liitwalo Num linadai uifundishe kujumlisha, kutoa, kuzidisha, thamani kamili, ishara, na namna ya kugeuza namba nzima iwe ya aina hiyo. Kuyarudia hayo kwa kila kipimo kunachosha. Upo mkato halali: kiendelezi cha GeneralizedNewtypeDeriving, na kwa mstari mmoja aina yako inarithi yote kutoka kwenye namba iliyo ndani yake. Niliutumia kwa vipimo vyote.

Sikujiuliza narithi nini. Kilo kuzidisha kilo hakuna maana sokoni, ila kompaila iliipitisha. Baya zaidi lilikuwa fromInteger, ile namna ya kugeuza namba nzima: tarakimu tupu ikiandikwa mahali pa kilo, inakuwa kilo papo hapo. Mama yule alikuwa na kilo 240 zilizopimwa, kisha akaleta magunia 3. Nikinakili daftari ndani ya programu, niliandika 3 kwenye orodha ya kilo. Jumla ikatoka 243, namba isiyomshtua mtu.

Hata kuzidisha magunia kwa 100 kusingeniokoa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, kila mkulima wa Karatu anaijua. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya niilinde tofauti ya gunia na kilo. Ilibidi turudi kwenye stakabadhi za mizani. Akalipwa haki yake, nami nikamwomba radhi mbele ya kikundi.

Vipimo vyangu nimeviondolea Num. Vinajumlishwa tu, kwa madarasa ya Semigroup na Monoid, na mkulima akileta kilo tatu lazima niandike Kilo 3. Mkato sijauacha: hayo mawili nayapata kwa kiendelezi cha DerivingVia, kilichoingia kwenye kompaila ya GHC 8.6 mwaka 2018, nikikopa kutoka aina ya Sum, ambayo kazi yake ni kujumlisha.

Majedwali ya msimu uliotangulia niliyanakili kwa mkono huohuo. Nayapitia sasa na katibu wa kikundi, mstari kwa mstari.