Chai ya Fangcun, Maji ya Lubumbashi

Kutoka Luano tulipitia Addis Ababa, na tulipotua Guangzhou miguu yangu ilikuwa imevimba. Safari yangu ya kwanza China ilikuwa ya vitenge na vipuri vya pikipiki, kama ya wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi. Mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika, nitauruka. Kila aliyerudi ameshausimulia.

Yaya wangu, aliyeizoea njia hiyo kabla yangu, alinipeleka Fangcun, soko la jumla la chai wilayani Liwan. Ukitoka soko la Kenya la kwetu Lubumbashi, ambako nyanya, makala na viatu vinagombea njia moja, utashangaa: maduka mtaa baada ya mtaa, na bidhaa ni majani tu. Muuzaji hakutaja bei. Alituketisha, akawasha birika.

Alitupa Dancong, ulongi wa mlima Fenghuang karibu na Chaozhou, mkoani humohumo Guangdong. Ulongi uko kati ya chai ya kijani na chai nyeusi. Majani huanikwa yanyauke, hutikiswa hadi kingo zichubuke na kuanza kubadilika rangi, kisha moto huyasimamisha kabla hayajawa meusi kama ya Kivu. Yakiwahiwa, hubaki na harufu ya maua. Yakicheleweshwa na kuokwa sana, huelekea kwenye karanga na matunda makavu.

Akapima kama gramu 7 na kuzitia katika kibakuli chenye mfuniko kisichozidi mililita 100. Nyumbani majani hayo yangenywesha familia nzima na wageni wake! Alimimina maji yanayochemka, akasubiri sekunde chache, akakimimina kibakuli mpaka tone la mwisho. Kikombe cha kwanza kilinukia asali. Akarudia kwa majani yaleyale, tena na tena. Ukakasi ukaja, ukapungua, utamu ukabaki kooni. Kisha, kwa makusudi, akayaacha majani mapya ndani ya maji dakika kadhaa, akatuonjesha. Chungu, ya kukunja uso. Maji ya moto sana hutoa harufu nzito pamoja na uchungu. Muda mfupi ndio unaouzuia uchungu usishinde. Ukitumia maji yaliyopoa, ukali hupungua, lakini harufu nayo hulala. Nilinunua mfuko mmoja, baada ya yaya kubishana bei kwa vidole na kikokotoo.

Niliporudi Lubumbashi, majani yaleyale yalizungumza kwa sauti ya chini. Sababu ya kwanza ni mwinuko. Guangzhou iko karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 hivi. Sisi tuko kwenye mita 1,200, na hapa yanachemka yakiwa na nyuzi 96. Uyaache juu ya mbabula mpaka makala yaishe, hayapandi zaidi. Kwa hiyo nakipasha kibakuli moto kwanza, namimina birika likiwa bado linatokota, na naongeza sekunde chache.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi kwa maoni yangu. Maji yetu mengi hutoka visimani, ndani ya miamba ya dolomiti, yakiwa yamebeba kalisi na magnesi. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lolote la mjini. Maji magumu hivyo huifanya chai iwe nzito na butu, na juu hutandaza utando. Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai China katika karne ya 8, aliyapa maji ya mlimani nafasi ya kwanza, ya mto ya pili, ya kisima ya mwisho. Nilipopika kwa maji ya chupa yenye madini machache, harufu ya asali ilirudi, si yote, ila ya kutosha yaya kuomba kikombe kingine.

Maji ya chupa kila siku ni gharama. Mvua zikianza, nitaacha za kwanza zioshe vumbi jekundu la bati, halafu nitakinga.