Mwendo wa Saa Nne



Baada ya sala ya alasiri hapa Runyenjes, mama mmoja aliniuliza, “Sheikh, Jidda ni mbali kiasi gani?” Binti yake anafanya kazi za nyumbani huko, na huu ni mwaka wa tatu.

Nikamjibu kwa fahari ya mwenye kujua: kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 2,560. Ndege isiyotua njiani huchukua muda wa saa nne hivi, na saa za huko ni sawa na zetu.

Akanyamaza, kisha akasema, “Kumbe adhuhuri yetu ni moja. Basi mbona haji?”

Sikuwa na jibu. Mwajiri, mkataba na nauli havipimwi kwa kilomita.

Usiku ule niliihesabu nafsi yangu. Mama yangu mzazi yuko Mombasa. Kutoka Nairobi ni kama saa moja tu angani, wala sina mwajiri wa kunizuia. Hata hivyo, mwaka umepita sijambusu mkono.

Baada ya alfajiri nilishika safari. Mwenyezi Mungu amrejeshe binti yule salama, na atuwezeshe kuunga kizazi. Amin.