Mtoto Aendapo Kutibiwa Ulaya

Wengi hapa Likasi hudhani kwamba kumpeleka mtoto aliyeumia ng'ambo ni kazi ya kuchanga nauli tu. Sivyo. Tulipata kusaidia jamaa wa mtoto wa miaka sita aliyevunjika paja, na mfupa ukaingia usaha. Nauli haikututaabisha, shirika la wafadhili lililipa ndege na matibabu.

Mashirika ya namna hii yako. Kijiji cha Amani cha Oberhausen, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1967. Hupokea watoto waliojeruhiwa, hata wa jirani zetu Angola, na hospitali huwatibu bure. Masharti yake ni makali, nasi twayaona ya haki: mtoto awe hawezi kuponywa kwao, wazazi wakubali, naye akipona arudi nyumbani. Wazazi hawafuatani naye.

Hata shirika letu lilikuwa na sharti hilo la mwisho, nalo ndilo lililomshika mama. Safari za Lubumbashi, kama kilometa 120, kwa daktari na kwa pasaporti, alizistahimili mara nne, mtoto mgongoni. Siku ya kutia sahihi aliiweka kalamu chini. Hakuuliza habari za upasuaji wala za baridi. Alisema, "Usiku akiamka analia, nani atamjibu kwa Kiswahili?"

Baba alitaka kukasirika. Tukamzuia, maana mama aliuliza neno la kweli. Tukaandika barua. Baada ya majuma matatu jibu likaja: yuko mama mmoja Mkongomani, huzuru wagonjwa kila Jumapili, naye angekuja kila jioni. Ndipo akatia sahihi.