Kando ya Kivu, Barabara Tulivu Ndiyo Iliyobomoka

Mgeni akinipigia simu, awe Nairobi, Dar es Salaam au Ulaya, swali lake la kwanza ni lile lile: kuna barabara isiyo na magari? Ipo. Upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, kati ya Rubavu na Rusizi, kuna vipande ambavyo utaendesha baiskeli asubuhi nzima usikutane na gari hata moja. Mimi ni fundi wa baiskeli na mwongoza njia hapa Rubavu, na vipande hivyo ndivyo vinavyonilisha. Lakini sijasikia mtu akiuliza kwa nini magari hayapiti.

Hayapiti kwa sababu hayawezi.

Kabla ya lami, barabara ya vumbi ndiyo iliyobeba kila kitu huku: mabasi, malori ya bia, kahawa, wagonjwa. Ile njia ya utalii inayoitwa Congo Nile Trail, kilomita 227, ilifuata vipande vingi vya barabara hizo za zamani. Kisha lami ikaja. Sehemu nyingine za njia zikamezwa nayo, na zile zilizobaki chini, karibu na maji, zikaachiwa waenda kwa miguu, pikipiki na baiskeli. Magari yalipohamia juu, greda nalo halikushuka tena.

Ukiitazama ramani utaona mstari unaofuata ufuko, ukadhani ni safari ya kutambaa kando ya maji. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inaingia moja kwa moja ndani ya maji. Kwa hiyo unapanda mgongo wa mlima, unashuka hadi kwenye ghuba, unavuka kijito, unapanda tena. Siku nzima ni hivyo. Na penye ghuba pana kijito, penye kijito pana daraja au kalavati. Hapo ndipo njia inapofia.

Kalavati huanza kufa miezi kadhaa kabla ya kuanguka. Mgeni akipita juu yake haoni kitu, maana uso wa barabara bado mzima. Mimi hushuka nikatazama mdomo wa chini, kule maji yanakotokea. Yakiwa yameanza kuchimba chini ya zege, najua mvua kubwa itakayofuata italiondoa. Kule juu nako mtaro umeziba kwa mabua ya mahindi na udongo wa shambani, maji yanakosa pa kupita, yanapanda barabarani, yanachora mfereji katikati. Wiki mbili baadaye mfereji unaingia mguu mzima. Hiyo ndiyo barabara tulivu uliyoiona kwenye picha ikiwa na ziwa la bluu nyuma yake. Picha ilipigwa Julai.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi. Wilaya ya Rutsiro iliumia sana, na hapa kwetu Rubavu Mto Sebeya ulitoka kwenye kingo zake ukaingia majumbani. Watu walipozika wafu wao hakuna aliyeuliza habari za baiskeli, na ilikuwa haki. Tuliporudi njiani na wageni baadaye, pale palipokuwa na kivuko tulikuta magogo mawili ya mikaratusi yaliyowekwa na wanakijiji. Tulibeba baiskeli mabegani, mmoja mmoja. Mama mmoja ambaye shamba lake lilikuwa limekatwa katikati alisimama upande wa pili akituelekeza pa kukanyaga. Wageni wakapiga picha, wakafurahi kwamba wamepata safari ya kweli. Watoto wa kijiji wanavuka magogo kama hayo kwenda shule.

Simu nazo zinapoteza watu. Mtu anakuja na mstari wa ramani aliopewa na rafiki aliyepita miaka mitano iliyopita. Mstari unamwambia apite kushoto. Kushoto kuna poromoko, au kuna lami mpya yenye malori. Nimeshatoka mara nyingi jioni kwa pikipiki kwenda kumtafuta mtu aliyekwama juu ya ghuba fulani, betri imeisha, maji yamekwisha, na giza la Ikweta halisubiri mtu: saa kumi na mbili na nusu jioni huoni tena jiwe lililo mbele yako.

Niseme kuhusu breki, maana hapo ndipo watu huumia. Udongo wetu ukilowa na kuchanganyika na mchanga hufanya kazi ya msasa. Unafunga pedi mpya asubuhi, jioni chuma kinasugua chuma. Kampuni moja ya nje iliwahi kuleta kundi mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa kileleni, wakiwa na baiskeli za mashindano zenye tairi za milimita 25. Siku ya kwanza tu viraka vyangu vilikwisha. Tairi nyembamba ikigonga jiwe, mpira wa ndani unabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Ukitaka kujaza upepo kijijini, pampu ya mguu iliyopo haishiki valvu yako nyembamba. Ukikunja kile kipande cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma, hutapata kingine Rubavu wala Karongi, kwa sababu karibu kila aina ya baiskeli ina cha kwake. Sokoni kwetu kuna spoki, goroli, minyororo na rimu za baiskeli za chuma, zile za kubeba mizigo. Hizo hatukosi.

Wenye baiskeli hizo za chuma ndio wenye njia. Kijana anashuka na magunia ya viazi au madumu ya maziwa, hana gia, na breki yake mara nyingi ni soli ya kandambili aliyoikandamiza kwenye tairi ya nyuma. Akipiga mluzi, ondoka njiani. Hawezi kusimama, na anayejaribu kumsimamisha ndiye atakayegongwa. Kwa mgeni anayetoka Kenya au Tanzania kuna hatari nyingine ambayo Wazungu wengi hawana: Rwanda tunapita kulia. Kwenye njia tupu mwili husahau, na ukikunja kona kwa mazoea ya nyumbani utakutana uso kwa uso na pikipiki. Watoto nao watakusukuma mlimani kwa moyo mweupe. Waache wasukume tandiko, lakini wasiguse diski ya breki iliyotoka kwenye mteremko, maana inaunguza vidole.

Wengine hutaka kuzunguka ziwa lote. Upande wa pili ni Kongo, na tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 sivushi mgeni. Nina ndugu ng'ambo ile, najua ninachosema.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na watu wengi wakaiona lami yetu kwenye televisheni. Ni nzuri kweli. Sasa wanadhani nchi yote iko vile, wanakuja huku chini na baiskeli zilezile.

Hata hivyo mimi sitaki lami ishuke ufukweni. Jioni ukiwa juu ya kijiji cha Kinunu utasikia wavuvi wa sambaza wakiimba huku wakipiga makasia, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wanatoka kwenda kuvua usiku. Samaki hao waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mtu wa Kigoma atawala bila kuuliza. Wimbo ule husikii ukiwa kando ya lori linalopanda mlima. Ninachotaka ni mtaro uliozibuliwa kabla ya Machi na kalavati lenye ukuta wa mawe mdomoni.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, siku ya umuganda, wanakijiji hutoka na majembe kutengeneza barabara zao. Kazi yao ndiyo inayofanya njia ipitike. Lakini jembe haliinui kalavati la zege lililoporomoka, na fedha ya mgeni hubaki hotelini, kwa wakala, na kwetu sisi waongoza njia. Aliyezibua mtaro hapati hata soda.

Ukija, njoo kati ya Juni na Agosti. Leta tairi za milimita 40 au zaidi, pedi za akiba na kile kipande cha alumini cha baiskeli yako. Muulize mwongoza njia alipita lini mara ya mwisho na kalavati zipi bado zimesimama. Akikosa jibu, tafuta mwingine. Na kabla hujalipa, uliza ni kiasi gani kitawafikia wanaozibua mitaro ya kata za Boneza na Musasa, kule Rutsiro. Wageni wakianza kuuliza hivyo, mawakala watalazimika kuwa na jibu.