Mguu Uliopoa Ghafla

Jioni ile huko Rumangabo, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja wa kwetu alishika paja la kushoto na kulia kwa uchungu uliomjia ghafla. Mguu ulikuwa baridi, unyayo umepauka. Hatukuugusa wa kulia; tungeugusa, tungeukuta na joto lake la kawaida. Tulidhani ni baridi iteremkayo kutoka Mikeno, tukachemsha maji, tukamkanda. Jirani alinong'ona habari za sumu, na usiku ukaishia katika mabishano hayo.

Alfajiri mama alisema, “Wanangu, sivisikii tena vidole.” Maumivu yalikuwa yamepungua, nasi, kwa ujinga wetu, tukashukuru.

Goma ni zaidi ya kilomita 40, na barabara ile haina haraka. Daktari alitueleza kwamba moyo wa mama ulidunda bila mpangilio, damu ikaganda ndani yake, donge likasafiri na kuziba mshipa upelekao damu mguuni. Misuli na mishipa ya fahamu haivumilii njaa hiyo. Baada ya takribani saa 6 huanza kufa. Ganzi tuliyoiita nafuu ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Na maji ya moto huunguza mguu usiohisi.

Mgonjwa akiwahi, hupewa dawa ya heparini ili donge lisikue, na mara nyingi hupasuliwa litolewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Thomas Fogarty wa Marekani alifunga kidole cha glavu kwenye ncha ya mrija mwembamba: mrija hupitishwa ng'ambo ya donge, kijiputo hujazwa, kisha vyote huvutwa nje. Chombo cha namna hiyo hutumika hadi leo. Hutuuma kufikiri kwamba kitu chepesi hivyo kingetosha.

Siku hizi tunagusa miguu yote miwili, tunatafuta mapigo juu ya wayo, tunamwomba mgonjwa achezeshe vidole. Tukiona tofauti, hatukandi wala hatuinui mguu. Tunamtafutia usafiri hospitali papo hapo, na kumweleza muuguzi saa maumivu yalipoanza.

Mama alikatwa mguu juu ya goti. Huja Misani kwa magongo, nasi hupokezana kumbebea kiti. Hajatuuliza kamwe juu ya maji yale ya moto.